Nasaba za Miungu na Wanadamu kwa Wayunani wa Kale

Mwalimu aandikaye nasaba za wazee hukutwa na shida moja kila mara. Leo mzee mmoja amtajia majina ya baba na babu, mpaka yule wa kwanza aliyeifungua nchi. Kesho mzee mwingine wa ukoo ule ule amtajia majina mengine, au majina yale yale kwa mpango mwingine, aliyekuwa mdogo amekuwa mkubwa, na aliyekuwa baba mdogo amekuwa ndugu. Mwalimu hushika kalamu akajiuliza moyoni: Nimfute yupi? Sisi wenyewe, tulipokuwa vijana katika kazi hii, tulifuta bila kusita, tukidhani kwamba palipo na habari mbili zisizopatana, moja ni kweli, na ya pili ni uongo au usahaulifu. Baadaye tulijuta, kwa maana yale tuliyoyafuta hayarudi tena, na wazee waliotuambia wamekwisha kufariki.

Katika maneno haya twataka kuonyesha kosa letu lilikuwa wapi, na shahidi wetu tutamtoa mbali. Tumewachagua Wayunani wa kale, kwa sababu nasaba zao za miungu na wanadamu zilianza kuandikwa miaka 2,700 hivi iliyopita, kisha zikabishaniwa, zikageuzwa, zikachekwa, na mengi ya hayo twaweza kuyasoma hata leo. Kwa nasaba nyingine twaliona tunda tu. Kwa nasaba za Wayunani twaona na mkono uliopanda mti.

Tuanze na miungu. Mtu tunayemjua aliyeipanga miungu ya Wayunani katika ukoo mmoja ni Hesiod, mshairi wa nchi ya Boeotia, aliyeishi karibu na mwaka 700 K.K. Utenzi wake waitwa Theogonia, maana yake Uzazi wa Miungu, nao una mistari elfu moja na zaidi kidogo. Asema kwamba hapo mwanzo palikuwako Chaos, yaani pengo tupu. Kisha akatokea Gaia, ndiye Nchi. Gaia akamzaa Ouranos, ndiye Mbingu, pasipo mume. Kisha akakaa naye kama mke na mume, akamzalia Watitani kumi na wawili, waume sita na wake sita, na wengineo. Ouranos aliwachukia watoto wake, akawazuia wasitoke katika tumbo la Nchi. Ndipo Cronos, aliyekuwa mdogo wa Watitani, akapewa mundu na mamaye, akamhasi babaye, akatawala mahali pake. Cronos akamwoa dada yake Rhea, naye akawameza watoto wake kila walipozaliwa, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba mwanawe atampindua. Aliwameza Hestia, Demeter, Hera, Hades na Poseidon. Wa sita alikuwa Zeus. Huyo alifichwa Krete, na Cronos akapewa jiwe lililofungwa katika nguo za mtoto mchanga, akalimeza. Zeus alipokua alimlazimisha babaye kuwatapika ndugu zake, akapigana na Watitani miaka kumi, akawashinda, akawa mfalme.

Hapa msomaji na atazame vizuri. Nasaba hii si orodha ya majina tu; ni jibu la swali. Ouranos alipinduliwa na mwanawe, na Cronos alipinduliwa na mwanawe. Basi kwa nini Zeus naye asipinduliwe? Hesiod ajibu kwa njia ya nasaba. Mke wa kwanza wa Zeus alikuwa Metis, na maana ya jina lake ni Busara. Zeus aliambiwa kwamba mke huyo atazaa binti, kisha atazaa mwana atakayekuwa mfalme wa miungu na wanadamu. Zeus hakungoja watoto wazaliwe ili awameze, kama alivyofanya babaye. Alimmeza mama yao angali na mimba. Binti, ndiye Athena, alitoka katika kichwa cha Zeus. Mwana hakuzaliwa kamwe. Kwa hiyo katika mti huo pana tawi lisilochipua, na tawi hilo ndilo lielezalo kwa nini enzi ya Zeus imedumu.

Tena Hesiod atumia uzazi kueleza tabia ya mambo. Usiku amzaa Mauti, na Usingizi, na Ugomvi. Na Ugomvi amzaa Taabu, na Njaa, na Vita, na Uongo. Sisi tusemao Kiswahili hatutashangaa sana, maana nasi twasema mwanamaji, wala hatudhani kwamba maji yamemzaa. Twataka kusema kwamba mtu huyo ni wa maji, na kazi yake i humo. Kutaja asili ya kitu ni kutaja tabia yake.

Wala mti huu haukuota wote katika udongo wa Uyunani. Katika magofu ya Hattusa, uliokuwa mji mkuu wa Wahiti katika nchi iitwayo leo Uturuki, vilichimbuliwa vibao vya udongo vilivyoandikwa zaidi ya miaka 400 kabla ya Hesiod. Humo yasimuliwa kwamba Anu, ambaye ni Mbingu, alishambuliwa na Kumarbi, naye Kumarbi akauondoa uume wake kwa meno. Kisha mungu wa tufani akazaliwa na Kumarbi, akaja kumpindua. Ufanani huu hauwezi kuwa wa bahati tu. Basi miungu iliyoonekana kuwa ya wenyeji kabisa, sehemu ya ukoo wao ilitoka ng'ambo.

Wayunani wenyewe hawakupatana katika mambo haya. Homer asema kwamba Aphrodite ni binti wa Zeus na Dione. Hesiod asema kwamba alitoka katika povu la bahari, pale vilipoanguka viungo vya Ouranos. Kwa habari moja Aphrodite ni mtoto wa Zeus. Kwa habari ya pili ni mkubwa kuliko Zeus. Walifanyaje? Hawakufuta. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Karamu yumo mtu asemaye kwamba Aphrodite wako wawili, mmoja wa mbinguni na mmoja wa watu wote, na kwamba kila mmoja ana upendo wa namna yake. Hivyo kutopatana kwa nasaba kulimpa mwenye hekima nafasi ya kufikiri.

Baada ya miungu waja wanadamu. Palikuwa na utenzi mwingine, ambao watu wa kale walisema ni wa Hesiod pia, uitwao Orodha ya Wanawake, wenye vitabu vitano. Haukutufikia mzima, tunavyo vipande tu, na vingi katika hivyo vilihifadhiwa juu ya mafunjo katika mchanga mkavu wa Misri. Jina lake lastahili kuangaliwa. Wayunani walihesabu ukoo kwa upande wa baba, lakini mlango kati ya miungu na watu ulikuwa mama: mungu alilala na binti wa watu, akazaliwa shujaa, na katika shujaa ukatoka ukoo wa wafalme.

Katika utenzi huo Wayunani wote walipewa baba mmoja. Deucalion na mkewe Pyrrha waliokoka katika gharika. Mwana wao akaitwa Hellen, na kwa jina lake Wayunani hujiita Hellenes hata leo. Hellen akawazaa Dorus, Xuthus na Aeolus. Xuthus akawazaa Ion na Achaeus. Katika Dorus walitoka Wadoria, katika Aeolus Waaeolia, katika Ion Waionia, na katika Achaeus Waakaya. Mtu yeyote auonaye mti huu atambua kwamba majina ya mababu yametolewa katika majina ya makabila, wala si makabila katika mababu. Lakini asiseme kwamba ni upuzi. Mti huo wasema neno kubwa: kwamba makabila haya, yaliyopigana mara kwa mara, ni ndugu, tena wasema ni nani aliye karibu na nani, na nani amtanguliaye mwenziwe.

Hapo ndipo penye ugomvi. Tutazame miji miwili iliyoshindana kuliko yote, Sparta na Athene.

Wafalme wa Sparta walikuwa wawili daima, wa milango miwili, na wote walijihesabu kuwa wana wa Heracles. Herodotus ayataja majina ya mababu wa Leonidas, yule aliyekufa Thermopylae mwaka 480 K.K., mmoja mmoja, na kwa hesabu yake Leonidas ni kizazi cha 20 baada ya Heracles. Na Heracles ni nani? Zeus alimpata Danae, akazaliwa Perseus. Perseus akamzaa Electryon, na Electryon akamzaa Alcmene. Kisha Zeus akamjia Alcmene, akazaliwa Heracles. Lakini Alcmene alikuwa na mume, Amphitryon, naye alikuwa mjukuu wa Perseus pia. Hivyo Heracles ana baba wawili, na Wayunani hawakuona haja ya kumwondoa hata mmoja. Baba mungu alimpa utukufu. Nyumba ya Perseus ilimpa nchi. Maana Perseus na wanawe walisemwa kuwa walitawala upande wa Argos na Mycenae, na kwa hiyo wana wa Heracles walipoingia Peloponnese pamoja na Wadoria, habari haikusema kwamba wageni wamenyang'anya nchi. Ilisema kwamba wenyewe wamerudi kwao. Nasaba ilifanya kazi ya hati ya shamba.

Waathene walichukua njia nyingine kabisa. Hao walisema kwamba hawakutoka po pote. Kwamba mfalme wao wa kale, Erichthonius, alizaliwa na udongo wenyewe wa Attica, na Athena akamlea. Sparta alidai nchi kwa kurudi. Athene alidai nchi kwa kutoondoka kamwe. Na madai haya hayakuwa ya mashairi tu. Mwaka 451 K.K. Pericles aliwatungia Waathene sheria kwamba mtu hatahesabiwa kuwa raia ila baba na mama wote wawili wawe raia. Kwa nasaba yake mtu aliingia katika baraza, au alifungiwa mlango.

Lakini Waathene walikuwa na shida moja. Wao ni Waionia, na Ion, kwa mti wa zamani, ni mwana wa Xuthus, naye Xuthus alikuja kutoka nje; tena Dorus, baba wa Wadoria, ni ndugu wa Xuthus, kwa hiyo ni baba mdogo wa Ion na mkubwa kwake kwa kizazi kizima. Katika siku za vita kati ya Athene na Sparta, vilivyoanza mwaka 431 K.K. na kwisha mwaka 404 K.K., mshairi Euripides aliwaonyesha Waathene mchezo uitwao Ion. Humo Ion si mwana wa Xuthus tena. Ni mwana wa mungu Apollo na Creusa, binti wa mfalme wa Athene, wa damu ile iliyotoka katika udongo. Xuthus adhani tu kwamba ni wake. Na mwisho wa mchezo Athena atabiri kwamba Creusa atamzalia Xuthus wana wawili, Dorus na Achaeus. Msomaji ahesabu mwenyewe. Dorus, aliyekuwa baba mdogo wa Ion, amekuwa mdogo wake wa tumbo moja. Tena Ion baba yake ni mungu, na Dorus baba yake ni mgeni aliyeoa Athene. Hakuna mkuki uliotupwa, hata hivyo adui ameshushwa cheo mbele ya watu wote waliokaa kutazama. Kama tungekuwa na mti mmoja tu katika hii miwili, tusingejua lolote la ugomvi huo. Kwa kuwa tunayo yote miwili, twausoma waziwazi.

Nasaba iliweza kufungua milango pia. Herodotus asimulia kwamba Alexander wa kwanza, mfalme wa Makedonia, alikwenda Olympia kushindana mbio, na washindani wakamkataa, wakisema kwamba michezo hiyo si ya wageni. Alexander akaonyesha kwamba ukoo wake ni wa Argos, katika wana wa Heracles. Waamuzi wakakubali, naye akakimbia. Kizazi chake, Alexander Mkuu, alijivunia Heracles kwa upande wa baba na Achilles kwa upande wa mama, na mwaka 331 K.K. akaenda mpaka Siwa katika jangwa la Misri, ambako alisalimiwa kuwa mwana wa Ammon, ambaye Wayunani walimhesabu kuwa ni Zeus. Hata Xerxes mfalme wa Uajemi, yasimuliwa kwamba alituma mjumbe Argos kabla ya vita vya mwaka 480 K.K., kuwaambia kwamba Waajemi ni wana wa Perses mwana wa Perseus, kwa hiyo ni jamaa zao, wala haifai jamaa kupigana. Watu wa Argos hawakuingia katika vita hivyo.

Habari moja yatugusa kuliko zote. Mwaka 1965, katika hekalu la Leto karibu na Xanthos, kusini mwa Uturuki, lilionekana jiwe lenye maandiko marefu. Laeleza kwamba karibu na mwaka 206 K.K. walikuja wajumbe kutoka Kytinion, mji mdogo wa Doris katika Uyunani, ambao kuta zake zilianguka kwa tetemeko la nchi, na nyumba zake zilichomwa moto na mfalme Antigonus. Waliomba fedha za kujenga tena. Na haki ya kuomba waliipata wapi? Katika nasaba ya miungu. Walisema kwamba Apollo na Artemis walizaliwa na Leto katika nchi ya Lycia, ambako Xanthos uko; na kwamba Asclepius, mwana wa Apollo, alizaliwa katika nchi yao ya Doris; kwa hiyo sisi na ninyi tu jamaa. Watu wa Xanthos waliusikiliza ukoo huo wote, wakaukubali. Lakini hazina yao ilikuwa tupu na madeni yalikuwa mengi. Basi wakakopa drakma 500, wakawapa wageni, wakaagiza habari yote ichongwe katika jiwe. Drakma 500 hazijengi ukuta wa mji. Hata hivyo maskini alikwenda kukopa ili asimrudishe jamaa yake mikono mitupu, na jamaa yenyewe ni ya mungu asiyeonwa na mtu. Tukisema kwamba nasaba ile ilikuwa uongo mtupu, tumesema nini juu ya fedha ile, iliyokuwa fedha halisi?

Desturi hiyo ilifika hata kwa Wayahudi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo, sura ya 12, imo barua ya Areus mfalme wa Sparta kwa Onias kuhani mkuu, asemaye kwamba imeonekana katika maandiko ya kuwa Wasparta na Wayahudi ni ndugu, wa kizazi cha Abrahamu. Wataalamu wengi waishuku barua hiyo. Lakini iwe ya kweli au ya kutungwa, yaonyesha kwamba katika ulimwengu ule mataifa mawili yaliyotaka kushikana mikono yalitafuta kwanza babu mmoja.

Isidhaniwe kwamba Wayunani wote waliyameza haya bila kutafuna. Hecataeus wa Mileto, aliyeandika karibu na mwaka 500 K.K., alianza kitabu chake cha nasaba kwa kusema kwamba hadithi za Wayunani ni nyingi, na kwake zachekesha. Lakini yeye naye hakuokoka. Herodotus asimulia kwamba Hecataeus alifika Thebes ya Misri, akawahesabia makuhani ukoo wake, na babu yake wa 16 akawa mungu. Makuhani wakamwingiza ndani ya hekalu, wakamwonyesha sanamu za miti za makuhani wakuu waliorithiana, baba na mwana, wakazihesabu mbele yake zikawa 345. Na katika hao wote, wakasema, hakuna aliyezaliwa na mungu, ila mtu kwa mtu. Aliyewacheka wenziwe alichekwa naye. Miaka mia na zaidi baadaye Plato alisema jambo lenye kina kuliko hilo. Katika kitabu chake kiitwacho Theaetetus aonyesha jinsi mwenye hekima amwonavyo mtu ajivuniaye mababu 25 hata kufika kwa Heracles: aona kwamba mtu huyo hajui kuhesabu, maana kila mwanadamu ana mababu maelfu yasiyo na hesabu, na ndani yao wamo matajiri na maskini, wafalme na watumwa, Wayunani na wageni.

Twaona basi kwamba pana hukumu mbili, na zote ni za haki. Makuhani wa Thebes na Plato wasema: usiisadiki nasaba kuwa hesabu ya kweli ya damu. Jiwe la Xanthos lasema: usiidharau, maana watu waliishi kwayo. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo waonya juu ya kushughulika na nasaba zisizokwisha, na ndugu zetu wengine wamelitumia onyo hilo kutuzuia tusiziandike kabisa. Sisi twaona kwamba onyo lamhusu yule atafutaye fahari au wokovu katika nasaba, si yule aziandikaye ili awajue watu.

Kwa hiyo twawasihi waalimu wenzetu wasifute. Nasaba mbili zisipopatana, ziandikwe zote mbili, na pamoja nazo jina la mzee aliyetoa kila moja, na siku, na zaidi ya yote jambo lililokuwa likibishaniwa siku zile: shamba, cheo, mahari, au mipaka. Ajaye baada yetu ataziweka pamoja, kama sisi tulivyouweka mti wa Hesiod pamoja na mchezo wa Euripides, naye ataona pale wasipopatana wazee neno ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitamka. Kitabu chetu cha zamani tungali nacho, na mistari tuliyoipiga kwa wino ingali imo. Chini yake hapasomeki kitu.